Mrejesho: yule kunguru mweupe wa sokoni

Wakuu, niliuliza kama kunguru mweupe anayezurura soko la samaki hapa Tanga ni albino, mkaniambia nimtazame macho. Juzi nimempata karibu, anagombania utumbo wa samaki: macho meusi tititi, na bawa la kushoto lina manyoya meusi machache. Basi si albino. Ndege albino hana melanini, ile rangi ya asili inayotia weusi kwenye manyoya na macho, hata chembe, ndiyo maana macho yake huonekana mekundu au ya waridi, ni damu inayopenya. Tena haoni vizuri, na porini wengi hawakui. Huyu wetu melanini anayo, ila haikufika kwenye manyoya mengi.

Kilichonishangaza ni ncha za mabawa, zimechakaa kama ufagio wa zamani. Kumbe melanini huimarisha unyoya pia, haiishii kwenye rangi.

Aliyeuliza kuhusu minana: umanjano wao unatokana na chakula, si melanini, kwa hiyo hata mnana albino anaweza kubaki na manjano.

Kunguru wenzake hawamsumbui, kwa nilivyoona. Wanaomsumbua ni watoto wenye manati, na muuza pweza mmoja anayeapa kwamba ni jini.