Mjadala: Solo bora ya Neil Young ni ipi, na ipimwe kwa kigezo gani?

Mleta mada

Ndugu wapenzi wa gitaa, naleta hoja ambayo mashabiki wa Neil Young wameibishania kwa miongo mingi: katika nyimbo zote alizotunga na kuzipiga mwenyewe, ni solo ipi, yaani kipande ambacho gitaa linaongoza peke yake bila kuimbwa, iliyo bora? Natoa jibu langu mapema ili nisimzungushe mtu. Kwangu ni zile zilizomo katika "Down by the River" wa mwaka 1969, na sababu yangu haimo katika vidole vya Young peke yake. Nadai kwamba solo za mtunzi huyu haziwezi kupimwa kwa kuutenga mkono wake na mikono ya wenzake wa kundi la Crazy Horse, na kwamba wengi wanaozipanga kwa madaraja wanakosea kwa sababu wanamsikiliza mtu mmoja ndani ya muziki uliopigwa na watu wanne.

Kwa wasiomfahamu kwa karibu, Young ni Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1945. Wengi wanamjua kwa nyimbo za utulivu za gitaa kavu, hasa zile za albamu ya Harvest ya mwaka 1972. Akishika gitaa la umeme anakuwa mwanamuziki mwingine kabisa. Gitaa analolitegemea ni Gibson Les Paul ya mwaka 1953, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya dhahabu, ikaja kupakwa nyeusi, na ambayo mashabiki wanaijua kwa jina la Old Black. Huliunganisha na amplifaya ndogo ya Fender Deluxe ya mwaka 1959, na amplifaya ya ukubwa huo ikifunguliwa sauti mpaka mwisho huanza kukwaruza, noti moja ikakaa hewani muda mrefu na kubadilika sura kabla ya kuzimika. Anayekijua chombo hicho hawezi kushangaa kwa nini Young hupiga noti chache: noti yenyewe inaendelea kufanya kazi baada ya kidole kuigonga, na mpigaji anayezirundika noti juu yake angeiua kabla haijasema ilichotaka kusema.

Jarida la Rolling Stone lilipotoa orodha yake ya wapiga gitaa 100 bora mwaka 2003, lilimweka Young katika nafasi ya 83. Orodha mpya ilipotoka mwaka 2011, alikuwa wa 17. Mtu aliyekuwa na miaka zaidi ya arobaini katika kazi hiyo hakujifunza gitaa upya ndani ya miaka minane. Waliobadilika ni waamuzi na vipimo vyao. Ndiyo maana nasema tuanze na kigezo kabla ya kuanza kutaja nyimbo.

Sasa turudi mwaka 1969. Danny Whitten yuko kwenye gitaa la pili, Billy Talbot kwenye besi, Ralph Molina kwenye ngoma, na albamu ni Everybody Knows This Is Nowhere, ya kwanza ya Young pamoja na kundi hilo. Wimbo unazidi dakika tisa, unamhusu mtu aliyemuua mpenzi wake kando ya mto, na chini ya solo hakuna zaidi ya kodi mbili za gitaa (mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazopokezana. Solo ya kwanza inaanza kwa noti moja inayogongwa tena na tena, kwa ukavu, kama mtu anayebisha mlango ambao anajua hautafunguliwa. Hapo ndipo ninapoomba watu wasikilize kwa spika mbili au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu gitaa la Whitten limewekwa upande wake na la Young upande wake. Whitten harudii mdundo ule ule kwa upofu. Young akikatika, Whitten anaingiza mkato mfupi katika nafasi iliyoachwa. Young akipanda, yeye anashuka na kuziachia nyuzi nzito. Na Young anapozirarua noti karibu na mwisho wa solo, ni Whitten anayemwonyesha mahali pa kutua. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunaijua kazi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulisifia gitaa la solo la bendi nzuri bila kulitaja gitaa la rithim lililokuwa limelibeba.

Cowgirl in the Sand, wa albamu hiyo hiyo, naupa nafasi ya pili kwa sababu hizo hizo, ingawa unatangatanga kidogo katikati. Cinnamon Girl una ile solo maarufu ya noti moja, nami naipenda, lakini ni fupi mno kwa shindano hili. Southern Man wa mwaka 1970 una hasira ya kweli ambayo sijaisikia mahali pengine katika albamu za studio za wakati ule. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayonifanya nisikilize wapiga gitaa wawili kwa pamoja kama wimbo ule wa mtoni. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakubali kwamba gitaa la pili husahauliwa. Hata hivyo naona umeupita mlima mkubwa bila kuutazama, nao ni "Cortez the Killer" kutoka albamu ya Zuma ya mwaka 1975.

Fikiria muundo wake. Wimbo una zaidi ya dakika saba, na sauti ya mwimbaji haisikiki mpaka dakika tatu za kwanza zipite. Muda huo wote gitaa linazungumza peke yake juu ya kodi tatu zinazozunguka taratibu, nyuzi mbili za pembeni zikiwa zimeshushwa mpaka noti ya D ili sauti za chini ziwe na uzito. Ni watunzi wachache wa roki wenye ujasiri wa kumfanya msikilizaji asubiri namna hiyo, na anayesubiri haoni kuwa amecheleweshwa, kwa maana maneno yanapofika unakuta huzuni yote ilikwisha kuelezwa.

Nina sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi. Mashairi ya wimbo huu yana kasoro ya kihistoria. Yanaichora dola ya Waazteki wa Mexico kabla ya Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, kutua mwaka 1519 kana kwamba ilikuwa nchi isiyojua chuki wala vita, ilhali tunajua kwamba dola ile ilijengwa kwa vita na ikatoza ushuru kwa mataifa jirani, na maadui wake, kama Watlaxcala, waliungana na Wahispania mpaka mji mkuu wake, Tenochtitlan, ukaanguka mwaka 1521. Maneno yanaweza kupingwa na mwanafunzi yeyote wa historia. Gitaa halipingiki. Linaomboleza kilichopotea bila kudai kwamba kilichopotea kilikuwa kitakatifu, na kwa hiyo linasema ukweli ambao mtunzi mwenyewe hakuufikia kwa kalamu. Solo inayokirekebisha kile ambacho mashairi yake yamekosea haina mfano katika kazi zake, nami siwezi kuiweka chini ya solo nyingine yoyote.

Mchangiaji wa pili

Naomba niipinge hoja ya mleta mada kwenye msingi wake. Ukisema kwamba Young hawezi kutenganishwa na mpigaji wa gitaa la pili, "Like a Hurricane" utauweka wapi? Ulirekodiwa mwaka 1975 na kutolewa mwaka 1977 katika albamu ya American Stars 'n Bars, na katika wimbo huo Frank Sampedro, aliyeingia kundini baada ya kifo cha Whitten, hakushika gitaa. Alikaa kwenye kinanda kinachotoa sauti ya nyuzi za okestra, akishikilia kodi ndefu tu. Hakuna anayemjibu Young. Yuko peke yake zaidi ya dakika nane, na wengi wetu tunaamini hapo ndipo alipofika mbali kuliko popote.

Naongeza kwamba toleo ninalolitetea si la studio. Ni lile la jukwaani lililomo katika albamu ya Weld ya mwaka 1991, lililorekodiwa katika ziara iliyoanza wakati Vita vya Ghuba vikiendelea, ambapo kila wimbo ulipigwa kwa ukali wa watu wanaosikiliza habari mbaya usiku kucha. Kadhalika, muziki wa filamu Dead Man ya Jim Jarmusch aliupiga akiwa peke yake, akiitazama filamu na kuitikia picha kwa gitaa bila kundi lolote. Kama kigezo chako ni sahihi, muziki ule ungepaswa kuwa dhaifu, nao si dhaifu hata kidogo.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili, na nitaanza na wa pili kwa sababu ameugusa moyo wa hoja.

Ni kweli kwamba Sampedro yuko kwenye kinanda. Lakini sikiliza kinachotokea kwa sababu hiyo. Kodi ndefu za kinanda haziachi mapengo, na kwa kuwa hakuna mapengo, Young halazimiki kusubiri wala kujibu. Anachora mistari mirefu inayopanda na kushuka bila kukatika. Katika wimbo wa mwaka 1969, mapengo yapo kila baada ya pumzi mbili, na upigaji wake ni wa mikato na kigugumizi. Mpigaji ni yule yule, ila anazungumza kwa namna mbili tofauti kabisa kwa sababu aliyekaa pembeni yake amebadilisha kazi. Hilo linaithibitisha hoja yangu kuliko mfano wowote niliouleta mwenyewe. Nasi tusiwasahau Talbot na Molina, ambao hawakuharakisha mwendo hata pale gitaa lilipokuwa likiwavuta. Wapiga besi na ngoma wenye mbwembwe zaidi wangekimbilia kumfuata Young, na wimbo ungepasuka.

Kuhusu Dead Man, pale alikuwa na mwenzake, nayo ni filamu. Noti zake zinakatwa na mwendo wa picha kama zilivyokuwa zikikatwa na gitaa la Whitten. Siuweki kwenye shindano hili kwa kuwa ni muziki wa kuambatana na jambo jingine, lakini siuiti dhaifu.

Kwa ndugu wa kwanza, sina cha kupunguza katika uliyosema juu ya mashairi na historia, na hoja ya gitaa kusema kweli kuliko maneno nimeipenda sana. Nabaki na msimamo wangu kwa sababu moja tu. Katika "Cortez the Killer" gitaa linaingia likiwa limekwisha kujua kitakachotokea. Huzuni ni ya mtu anayesimulia tukio la zamani, na haibadiliki sana kutoka mwanzo mpaka wimbo unapofifishwa. Katika "Down by the River" muuaji hajui bado amefanya nini. Solo ya kwanza inakana, inagonga noti ile ile kana kwamba kurudia kutalifuta tendo. Ya pili inaanza kukiri, na ndani yake ndimo Whitten anapopiga kwa nguvu kuliko mahali pengine popote katika wimbo. Whitten alifariki Novemba 1972 akiwa na umri wa miaka 29, na Young ameendelea kuupiga wimbo huu jukwaani na wapigaji wengine wazuri. Nimeyasikiliza matoleo mengi ya baadaye, mengine marefu maradufu, na katika yote Young anapiga kwa ustadi zaidi lakini kukiri kule sikusikii.

Anayelijua toleo la jukwaani ambamo gitaa la pili linaifanya kazi ile ya Whitten katika solo ya pili, na alitaje hapa pamoja na mwaka wake, tulisikilize na tulinganishe.