Kupokea wasafiri wa mtandaoni bure: zamu yetu ya kuwa wageni iko wapi?

Mleta mada:
Wakuu, vijana wengi Arusha, Moshi na Dar wanapokea wasafiri majumbani bure kupitia mitandao ya kutafuta wenyeji kama Couchsurfing, BeWelcome, au Warm Showers ile ya waendesha baiskeli. Wazo ni la zamani. Servas, chama cha kupokeana wageni majumbani, kilianzia Denmark mwaka 1949, vita kuu imeisha juzi tu, ili watu wa mataifa tofauti wale pamoja na waache kuogopana. Msingi wake mzuri: leo nakupokea, kesho nami nitapokelewa, na wewe au na mwingine.

Sasa hiyo kesho kwetu haifiki. Mjerumani anaomba viza ya Tanzania mtandaoni, dola 50, anakuja. Mimi nikitaka kulala kwake natoa yuro 90 za viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hazirudi hata nikinyimwa. Juu yake taarifa ya benki, bima, barua ya mwajiri. Anayeuza mitumba soko la Memorial pale Moshi barua ya mwajiri ataitoa wapi?

Na gharama ipo, tusidanganyane. Chumba na sebule ya kupanga, mgeni kalala kwenye kochi, maji ya kununua kwa dumu, naye anaoga asubuhi na jioni. Umeme wa Luku unakata wakati kompyuta yake iko kwenye chaji. Chakula huwezi kumnyima. Kisha anaaga, anaenda kupanda Kilimanjaro kwa zaidi ya dola elfu moja. Couchsurfing yenyewe ilianza kutoza wanachama ada mwaka 2020, na mwenye kochi hapati hata senti.

Sisemi tufunge milango. Nasema tuwadai zamu yetu. Ujerumani mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya uhamiaji ya mji wake na kusaini hati kwamba atabeba gharama zako ukiwa huko. Haikuhakikishii viza, lakini ubalozi haukuulizi tena utaishi kwa pesa gani. Mwombeni mgeni hilo kabla hajaondoka, mkiwa bado mnakula pamoja.

Mchangiaji, Moshi:
Kaka, umeongelea pesa tu. Sisi wanawake tunaanza na usalama. Padova, Italia, askari polisi aliyekuwa akipokea wasichana kupitia Couchsurfing alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kumbaka mgeni wa miaka 16. Askari! Kama mwenyeji anaweza kuwa hivyo, mgeni je? Mimi napokea wanawake peke yao, na kabla begi halijaingia ndani tunaenda kwa mjumbe wa mtaa, aandikwe jina na namba ya pasipoti. Akikataa, atafute gesti.

Mchangiaji, Mwanza:
Mkuu, ukimdai mgeni umeshamfanya mpangaji. Wazee walisema siku ya tatu mpe jembe, basi mpe. Wageni wangu wanaenda soko la Kirumba kununua sangara, wanapika, wanaosha vyombo. Wanangu wamezoea kuongea Kiingereza bila aibu kwa sababu yao. Hiyo nayo ni malipo, na viza ni kosa la serikali zao, mgeni hana hatia.

Mleta mada:
Dada wa Moshi, la mjumbe nalikubali lote, nami nitalifuata.

Mkuu wa Mwanza, hatia hana, ila uwezo anao. Kura anapiga yeye kwao, hati anasaini yeye. Wanao kujua Kiingereza ni jambo jema, lakini wakikua watataka kuiona hiyo Hamburg ya Ujerumani waliyosimuliwa na wageni sebuleni, na watafika dirishani ubalozini wakiwa na ile ile taarifa ya benki yenye laki mbili. Jembe linasaidia vyombo vya leo.

Kama kuna aliyewahi kupata viza kwa mwaliko wa mgeni aliyempokea, aje hapa aeleze: ubalozi gani, karatasi zipi, na mgeni alichukua muda gani kukubali kusaini.