Nataka kuona kuta za ngome za vijijini Ufaransa: nianzie wapi?

Mwashi wa Kiboriloni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwashi wa mawe hapa Moshi, kazi niliyofundishwa na marehemu baba mdogo. Binti yangu anasoma Tours, Ufaransa, na ameniomba nikamtembelee mwezi wa tisa. Paris sina haja nayo. Ninachotaka ni ngome na makasri ya vijijini, na hasa kuta zenyewe: jiwe lilichongwaje, kona imefungwaje, chokaa ilichanganywaje mpaka ukuta unasimama miaka mia nane bila saruji. Vitanda vya wafalme na mapazia yao wataangalia wengine.

Gari hatuna kule, binti anatumia treni. Kila ninayemuuliza ananitajia Versailles, kasri la wafalme karibu na Paris. Naomba mwenye kujua aniambie ipi nisiikose, ipi niiache, na viza ikoje. Ngazi hazinisumbui, maisha yangu yote nimekuwa juu ya jukwaa.

Muongozaji Njiro

Shikamoo fundi. Naongoza wageni wa Kifaransa hapa Arusha, na Kifaransa chenyewe nilikwenda kukisomea hukohuko Tours. Kwa hilo unalotafuta, binti amekuweka mahali pazuri kuliko Paris.

Anza na Loches. Ni mji mdogo kusini ya Tours, usafiri wa mkoa unafika. Mnara wake mkuu ni wa mraba, ulijengwa kati ya 1013 na 1035, na umri huo wataalamu waliupata kwa kusoma pete za miti katika mbao zilizobaki ukutani. Unakwenda juu mita 36 hivi. Sakafu zote za mbao zilishakwisha, kwa hiyo ukisimama ndani unautazama ukuta mzima kuanzia msingi hadi angani: matundu ya boriti, meko zilizobaki zikining'inia ghorofa kwa ghorofa, ngazi iliyopitishwa ndani ya unene wa ukuta. Nje utakuta nguzo za kuegemeza za nusu duara. Mimi si fundi, lakini pale nilikaa mchana mzima na sikuchoka. Wageni wengi wanapitiliza kwenda kwenye makasri yenye bustani, jambo linaloniuma.

Halafu panda treni kwenda Langeais. Kasri liko katikati ya mji, lilianza kujengwa 1465, na daraja lake la kuinuliwa bado lipo. Nyuma kwenye bustani kuna gofu la mnara wa Fulk Nerra, mtawala wa Anjou, ambalo ni miongoni mwa minara ya mawe ya kale kabisa Ufaransa. Miaka zaidi ya mia nne na nusu imo ndani ya uwanja mmoja, unavuka majani tu.

Angers ni treni tena. Ngome yake ina minara 17 ya duara, mikubwa, iliyopangwa kwa mistari: jiwe jeusi la kupasuka bapa, halafu mkanda wa jiwe jeupe, halafu jeusi tena. Hilo jiwe jeupe linaitwa tuffeau, ni la chokaa, laini, ndilo lililojenga karibu kila kitu kizuri kando ya mto Loire. Walipokwisha kuchimba jiwe, mapango yaliyobaki watu waliyageuza nyumba, na mpaka leo wengine wanaishi humo.

Ukishaona hayo, ndipo uende Chenonceau. Stesheni iko karibu kabisa na geti. Najua umesema hutaki mapazia, ila hilo kasri limevuka mto Cher kwa matao, na fundi hawezi kukosa kuangalia nguzo zilizosimamishwa ndani ya maji tangu karne ya 16. Kasri la Chambord nenda ukipata nafasi. Ina ngazi mbili za mzunguko zilizosukwa pamoja, anayepanda na anayeshuka hawakutani njiani. Lakini kuifikia bila gari kunategemea basi kutoka Blois, na mabasi hayo yana msimu.

Chalii wa Sakina

Mbona hakuna aliyetaja Carcassonne? Minara 52, kuta pete mbili. Hiyo ndiyo ngome.

Muongozaji Njiro

Ndugu yangu, ni nzuri, na kuingia ndani ya mji wa kale hulipi. Ila iko kusini kabisa, mbali na Tours. Halafu sehemu kubwa ya unachokiona juu ni kazi ya Viollet-le-Duc, msanifu majengo Mfaransa, aliyeanza kuikarabati 1853, na paa zake za vigae vya mawe zenye ncha zimebishaniwa tangu wakati huo. Fundi akifika kule atafute ukuta wa ndani, sehemu za enzi za Warumi: mawe madogo yaliyokatizwa na mistari ya matofali mekundu. Hapo hapana ubishi. Kwa safari hii ningemwambia aiache.

Mwalimu wa Soweto

Nafundisha historia hapa Moshi. Muongozaji ameeleza vizuri, lakini ameruka mzinga wa baruti, na bila mzinga fundi hataelewa kwa nini minara yote hiyo iliachwa.

Mnara wa mraba kama Loches udhaifu wake ni kona: adui anachimba chini ya kona, inaporomoka. Ndiyo maana baadaye wakajenga minara ya duara. Ulipokuja mzinga, urefu wenyewe ukawa hatari, kwa sababu ukuta mrefu ni shabaha. Wajenzi wakashusha kuta, wakazinenepesha kwa udongo nyuma, wakatoa ncha kama za nyota ili kila upande ulindwe na jirani yake. Tunao mfano karibu: Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Cairati. Nawapeleka wanafunzi wangu kule, na kila mara nawaambia wasimame kwenye ncha na watazame ukuta wa jirani.

Mfaransa aliyeifikisha kazi hiyo mbali zaidi ni Vauban, aliyezaliwa 1633 na kufariki 1707. Maeneo 12 ya ngome zake yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kwa anayekaa Tours, ningependekeza Blaye. Unachukua treni hadi Bordeaux, kisha basi. Pale mto ni mpana kiasi kwamba mizinga ya upande mmoja haikuufunika, kwa hiyo Vauban akaweka ngome tatu: moja Blaye, moja kisiwani, moja ng'ambo. Meli ingepita katikati ya moto.

Na fundi, kabla hujapanda ndege, nenda Keni, Rombo. Mangi Horombo alijenga ngome ya mawe huko mwanzoni mwa karne ya 19. Nenda ukiwa na macho yako ya uashi, kisha utuambie ulichokiona kwetu na ulichokiona kwao.

Mama Neema, Orléans

Shikamoo baba. Mimi ni wa Machame, naishi huku. Viza kwanza: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, msisubiri. Kama utalala kwa binti, aende mapema ofisi ya meya wa mji wake akaombe barua ya ukaribisho, inachukua muda. Wikiendi ya tatu ya Septemba ni siku za urithi, sehemu nyingi zinafunguliwa bure au kwa bei ndogo. Mpange hapo.

Sasa sikiliza. Kuna mahali panaitwa Guédelon, Burgundy, porini kwenye machimbo ya zamani. Tangu 1997 wanajenga ngome mpya kwa namna ya karne ya 13. Jiwe linachimbwa palepale, mhunzi anatengeneza patasi palepale, chokaa inachanganywa kwa mkono, na mizigo inapandishwa kwa gurudumu kubwa la mbao ambalo mtu anatembea ndani yake. Vipimo wanavichukua kwa kamba yenye mafundo. Paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, lilipoungua 2019, baadhi ya maseremala wa pale walikwenda kulijenga upya. Baba, hapo ndipo pako. Shida ni usafiri, treni haikufikishi.

Mwashi wa Kiboriloni

Nimesoma yote kwa sauti, mama watoto akisikiliza. Asanteni sana. Kamba yenye mafundo baba mdogo aliitumia, na vijana wa siku hizi ukiwaonyesha wanadhani ni ya kufungia mbuzi.

Nimeamua: Loches, Langeais, Angers, Chenonceau, na Guédelon lazima, hata kama itabidi kuomba lifti. Binti anasema kuna familia kanisani kwao yenye gari. Blaye, mwalimu, itategemea nauli. Keni nakwenda Jumamosi hii. Mama Neema, swali moja: hao wachonga mawe wanaongea na wageni, au unatazama kwa mbali nyuma ya kamba?

Mama Neema, Orléans

Wanaongea baba. Unamsogelea, unauliza, anasimamisha kazi anakueleza. Ni Kifaransa zaidi, kwa hiyo usimwache binti. Na angalieni siku zao kabla ya kutoka, si kila siku wanafungua, na majira ya baridi wanafunga kabisa.