Mrejesho: Mdogo wangu aliyeshikiliwa kituoni ameachiwa

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri hapa mdogo wangu aliposhikiliwa bila kufikishwa mahakamani, kisa kapiga picha wamachinga wakiondolewa barabarani Ujiji. Asanteni sana.

Uliyesema nianze na msaidizi wa kisheria, Mungu akubariki. Mama yule hakudai hata senti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka msaada huo uwe bure kwa asiye na uwezo. Akatuunganisha na wakili, tukaandaa maombi Mahakama Kuu hapa Kigoma ili polisi wamlete dogo na waeleze wanamshikilia kwa nini. Tulisimamia ibara ya 15 ya Katiba, inayolinda uhuru wa mtu, na zile saa 24 ambazo polisi wanapewa kumfikisha mtu mahakamani. Kabla maombi hayajasikilizwa, wakamwachia kwa dhamana. Kwa hiyo uamuzi wa jaji hatuna, na linaniuma, maana wengine wangeutumia.

Simu yake bado wanayo.

Ushauri wa kufungua kesi kwa niaba ya vijana wote uligonga mwamba: marekebisho ya 2020 ya sheria ya kudai haki za msingi mahakamani yalimtaka anayefungua aape jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Basi dogo atafungua kwa jina lake. Mkutano wa mtaa nao tumeuomba, na mwenyekiti amekubali suala hili liwe ajenda.