Vuvuzela zizuiwe getini! Mwanangu sikio moja halisikii vizuri tangu Jumamosi

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo tangu Jumamosi, leo naitoa.

Nilimpeleka mwanangu wa miaka 7 uwanjani, mechi yake ya kwanza. Wiki nzima alikuwa anahesabu siku. Tukakata tiketi za mzunguko, tukapanga foleni. Getini wakaninyang'anya chupa ya maji ya mtoto, eti itarushwa uwanjani. Nikanyamaza. Lakini jamaa wa mbele yangu kapita na livuvuzela la njano, refu kama mkono wa mtu mzima, hakuulizwa kitu. Na ndiye huyo akaja kukaa nyuma yetu.

Timu hazijaingia, keshaanza. Mdomo wa lile dude uko shubiri moja tu na kisogo cha mtoto. Nikageuka, nikamwambia kistaarabu, "Kaka, naomba uelekeze juu, kuna mtoto hapa." Akanijibu, "Mzee, kama hutaki kelele si ungebaki nyumbani?" Walio pembeni wakacheka. Bao lilipoingia akapuliza kwa pumzi zake zote. Nikamwona mwanangu kashika sikio kwa mikono miwili, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Analia, na mimi niliyemkumbatia sisikii sauti yake.

Tukaondoka kipindi cha kwanza hakijaisha. Usiku kucha analalamika sikio linavuma. Jumatatu daktari kampima, anasema la kulia usikivu umepungua, turudi baada ya wiki mbili.

Anayedhani nadekeza mtoto asome hii: watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walizipima vuvuzela kabla ya Kombe la Dunia la 2010 huko huko Afrika Kusini. Mdomoni pa chombo walipata desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 131, na ukisimama mita 2 bado ni 113. Kiwandani, desibeli 85 kwa saa 8 zinatosha mfanyakazi apewe vifaa vya kukinga masikio. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walizipiga marufuku Septemba 2010, miezi miwili tu baada ya fainali. Brazil 2014 hazikuruhusiwa viwanjani.

Na msiniletee habari za utamaduni. Ushangiliaji wetu ni ngoma, matarumbeta na nyimbo, mmoja anaanzisha jukwaa zima linaitikia. Mimi nimekulia humo, nilibebwa mabegani na baba nikaimba mpaka sauti ikakauka. Vuvuzela ina noti moja, mwanzo wa mechi mpaka mwisho, na ikilia hakuna wimbo unaosikika. Hata filimbi ya refa wachezaji wanaikosa.

Wanaokagua mifuko wana macho. Chupa ya maji wanaiona, hilo bomba la plastiki wanashindwaje kuliona? Likamatwe getini, mwenyewe alichukue akitoka.

Aliyewahi kupeleka malalamiko kwa wasimamizi wa uwanja akasikilizwa, aniambie alianzia wapi. Nimepiga simu mara tatu, kila anayepokea ananielekeza kwa mwingine, na cheti cha daktari ninacho mkononi.