Naombeni ushauri: maafa ya Everest 1996, nawaelezaje vijana wangu wa mlimani?

Mgumu_wa_Machame

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa zangu shikamooni. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, nilianza kwa kubeba mizigo na wagumu wenzangu, nikawa msaidizi, saa hizi napewa msafara nauongoza mwenyewe. Kabla msimu haujachanganya huwa nakaa na wasaidizi wangu tunakumbushana, mgeni akianza kuongea hovyo unafanyaje, nani anashuka naye, nani anabaki na kundi. Mwaka huu kuna mgeni aliniachia kitabu cha Jon Krakauer, Into Thin Air, yule mwandishi Mmarekani aliyetumwa na jarida apande Everest kwenye msafara wa Rob Hall wa New Zealand, dhoruba ikawakuta tarehe 10 Mei 1996 wengine bado wako juu kabisa. Mpaka kesho yake walikuwa wamekufa watu nane, watano upande wa Nepal na watatu askari wa mpakani wa India waliokuwa wanapandia upande wa Tibet.

Sasa nilimpa msaidizi wangu mmoja ambaye kiingereza chake kiko vizuri, akawasimulia wenzake, ikawa ugomvi. Yeye anashikilia kwamba Anatoli Boukreev, muongozaji wa kundi jingine lililokuwa juu siku ileile, la Mmarekani Scott Fischer, aliwakimbia wageni, kwa sababu alipanda bila mtungi wa oksijeni, akafika kileleni wa kwanza kwenye saa saba mchana, akashuka mbele yao akawahi kambini. Mwenzake akamjibu huyo huyo unayemtukana ndo alitoka peke yake usiku kwenye ile dhoruba akarudi na watu watatu wazima. Na ni kweli, wageni wote wa kundi la Fischer walirudi hai, aliyekufa ni Fischer mwenyewe. Boukreev naye ana kitabu chake, The Climb, humo anasema alikubaliana na Fischer awahi kushuka ili awe na nguvu, awe tayari na chai na mitungi kama watu watakwama. Krakauer hakubali kwamba makubaliano hayo yalikuwepo hivyo. Wa kuulizwa ni Fischer na ndo hivyo amebaki kule juu.

Kuna kingine kinanikosesha raha zaidi. Kati ya vijana wangu kuna mmoja kaka yake alikuwa mgumu na alifia mlimani. Siku ile wenzake wanabishana yeye alikaa pembeni anafunga zipu ya koti anafungua, anafunga anafungua, hakusema neno, wakati ndo mwongeaji kuliko wote.

Kwahiyo naomba mnisaidie, hiki kitabu nikitumie au nikiache, na kama nikitumie nimwamini nani kati ya hawa wawili, na huyu mdogo wangu namuingiaje. Nahitaji majibu ya watu wazima tafadhali.

Msomaji_Kigogo

Mkuu pole na majukumu. Vitabu vyote viwili ninavyo na ushauri wangu ni usimchague mmoja ukamfanya hakimu. Waanzishie vijana na habari ya Andy Harris, hiyo itawanyamazisha kwenye ubishi kabla hujafika kwa Boukreev.

Harris alikuwa muongozaji msaidizi wa Rob Hall, kijana wa New Zealand. Krakauer anashuka jioni ile, amechoka kupita kiasi, oksijeni imekwisha, kambi ya South Col iko pale chini anaiona, akakutana na mtu kwenye mteremko wa barafu. Akaongea naye. Akamuona anateleza, anaporomoka mpaka chini, anainuka, anaelekea kwenye mahema. Kwa akili yake yule ni Harris, akatoa taarifa kwamba Harris amefika salama. Asubuhi Harris hayupo. Krakauer akatoka kutafuta, akaona alama kwenye barafu zinaelekea kwenye ukingo wa Lhotse, mlima wa jirani, akahitimisha kwamba alipitiliza gizani akaanguka huko, na familia ya Harris ikaambiwa hivyo. Wiki nyingi baadaye, yuko nyumbani Marekani anapitia upya maelezo ya watu, ndo anagundua yule aliyeongea naye alikuwa Martin Adams wa kundi la Fischer. Harris hakuwahi kushuka mpaka pale. Ushahidi uliopo unaonyesha alipanda kurudi kwa Hall aliyekuwa amekwama juu na mgeni.

Huyo ni mwandishi wa habari, kazi yake kukumbuka, alikuwepo, aliongea na mtu ana kwa ana, na bado alimkosea jina. Na sisi tumejua kwa sababu yeye mwenyewe kaandika bila kujificha. Ndo maana mimi namheshimu, ila nikifika pale anapoeleza nani alikubaliana nini na nani kule juu, nasoma taratibu sana. Na kwa Boukreev nasoma taratibu vilevile, maana naye alikuwa hukohuko na hana oksijeni.

Sista_wa_Zamu

Naongezea upande wa afya kaka yangu. Kileleni Everest hewa unayopata ni kama theluthi ya ile ya pwani, pale Uhuru Peak kwenu ni kama nusu, na nyie mnajua watu wanavyobadilika kwenye hiyo nusu. Ubongo ukikosa oksijeni mtu hajui kama umekosa, anakuwa na uhakika kabisa na anachosema. Harris huyohuyo alifika kwenye kilele cha kusini, palipowekwa akiba ya mitungi, akasema kwenye redio yote ni mitupu. Kumbe kulikuwa na iliyojaa! Hall yuko juu na mgeni hoi anasubiri mtungi, anaambiwa hakuna.

Hilo liwe somo lako kwa wasaidizi: mtu wa juu akikwambia kitu kwenye redio, mwambie asome namba kwenye kipimo, afungue, asikilize kama kinapumua. Na msaidizi mwenyewe apimwe oksijeni kidoleni kama mgeni anavyopimwa, maana wengi wenu mnapima wageni tu mnajisahau.

Kibosho_Kwetu

Mimi naona mnamzunguka Boukreev bure, kitabu kile uti wake wa mgongo ni saa ya kugeuza. Walikuwa wameongea saa saba au mwisho saa nane mchana, umefika hujafika unarudi. Watu watatu wa kundi la Hall waliona foleni kwenye kamba, wakapiga hesabu ya oksijeni, wakageuza mapema kwenye saa tano na nusu asubuhi, wamelipa kama dola 65,000 kila mmoja na kilele wanakiona, wakageuza. Wakarudi kwa familia zao wote watatu.

Doug Hansen, mfanyakazi wa posta, yeye Hall alikuwa amemgeuza mwaka 1995 karibu kabisa na kilele, akamshawishi arudi 1996 akampunguzia na bei. Sasa wewe muongozaji umsimamishe tena mtu uliyemwita mwenyewe? Hansen alifika juu baada ya saa kumi jioni, Hall akamsubiri. Hakushuka hata mmoja. Hall aliishi mpaka jioni ya siku ya pili, wakamuunganishia simu na mkewe mjamzito kule New Zealand wakaongea.

Mkuu wewe unalijua hili kuliko sisi. Mgeni ameuza gari aje Kilimanjaro, anakulilia pale Stella Point, kilele chenyewe bado kidogo, tipu ya kundi zima iko mikononi mwake. Wafundishe vijana maneno ya kumwambia. Wayaseme kwa sauti wakiwa chini, wazoee.

Mgumu_wa_Machame

Kibosho umenigusa penyewe, mgeni analia na mimi mwenyewe natamani afike. Sista hiyo ya kusoma namba naichukua leo leo. Ila bado sijapata jibu la yule mdogo wangu.

Binti_Pangani

Kaka, huyo usimuweke kwenye duara kwanza. Mfuate peke yake, siyo ofisini, mkiwa mnakagua mahema au mnatengeneza majiko, umwambie wazi tutasoma habari za watu waliofia mlimani, wewe unaonaje, unataka kuwepo au usiwepo. Akisema hataki, yaishe. Akisema anataka kusimulia ya kaka yake, basi siku hiyo vitabu viwekwe pembeni asimulie yeye.

Na wale wengine wanaorusha neno mwoga wakiwa wamekaa sebuleni wasomewe ya Yasuko Namba. Mama wa Kijapani, miaka 47, alikuwa anamalizia vilele vya mabara saba, maana yake hata hapo Uhuru Peak alishasimama. Usiku ule alikuwa kwenye kundi lililopotea karibu kabisa na kambi. Boukreev aliwaleta wale watatu, Yasuko akabaki, nguvu za Boukreev zikawa zimeisha. Asubuhi mwenzao daktari alitoka na Masherpa, wale wenyeji wa Nepal wanaobeba na kuongoza misafara, wakamkuta bado anapumua, yeye na Beck Weathers, wakaona hawa hawabebeki, wakawaacha. Weathers aliamka mwenyewe akatembea mpaka kambini, akapoteza mkono na pua ila aliishi na kitabu akaandika. Yasuko hakuamka. Mwaka uliofuata Boukreev alirudi Everest, akaukuta mwili wake, akauzungushia mawe. Huyo siyo mtu aliyekuwa amesahau. Desemba 1997 naye akafa kwenye maporomoko ya theluji mlima Annapurna, Nepal.

Mimi siwezi kumhukumu hata mmoja wao, na sijui kama nyie mnaweza.

Mzigo_Begani

Mimi ni mgumu bado, nabeba. Naomba tu kiongozi usisahau kina Lopsang. Lopsang Jangbu, kiongozi wa Masherpa wa Fischer, ndo aliyekaa naye kwenye baridi mpaka Fischer akamlazimisha ashuke, na Septemba ya mwaka huohuo akafa kwa maporomoko palepale Everest. Vitabu vinavyosomwa sana ni vya wageni na waongozaji wao, ya Masherpa tunayapata kwa kalamu za wengine, mara Lopsang analaumiwa alimvuta mgeni mmoja kwa kamba badala ya kuwahi mbele kufunga kamba za njia. Hata sisi huku msafara ukiharibika anayesimulia ni mgeni.

Mgumu_wa_Machame

Mdogo wangu Mzigo_Begani nimekusoma na umenipa wazo. Nimeshaongea na yule kijana kama dada Pangani alivyoniambia, tulikuwa tunashona hema. Amesema atakuwepo na ya kaka yake ataisimulia mwenyewe, ila hataki wapishi na madereva wawepo, tuwe sisi wa njiani tu. Nimemkubalia. Kwahiyo ataanza yeye, halafu Andy Harris, halafu wale watatu waliogeuza, na Boukreev tutamsoma kwa vitabu vyote viwili, ukurasa kwa ukurasa.

Msomaji_Kigogo hicho The Climb unaweza kuniazima? Nakurudishia msimu ukiisha, nitumie ujumbe pembeni tupange basi la kukileta Moshi.