MJADALA: Mkristo aliyekata tamaa ya kupona, ni dhambi kuomba asaidiwe kufa?

Mleta mada (Muyeye, Malindi)
Hodi wakubwa. Jumamosi jumuiya yetu ilimaliza rozari salama, tukaja kuharibikiana kwenye chai. Mzee mmoja anayetunza nyumba ya Mtaliano alisema bosi wake kamweleza kuwa siku hizi kwao mgonjwa anaweza kusaidiwa kufa na sheria isimguse aliyemsaidia. Mama mmoja akaweka kikombe chini: "Hiyo ni Shakahola ya wenye pesa." Basi, chai ikapoa.

Mimi naona Shakahola tuiweke kando. Kule, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwemo. Hawakuwa wagonjwa wale. Ninayemuuliza mimi ni mtu ambaye ugonjwa umewashinda madaktari, hapati usingizi kwa maumivu, na kwa akili yake timamu anaomba apumzishwe.

Bosi wa mzee hakudanganya, kafupisha tu. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Italia ilisema msaidizi asiadhibiwe endapo ugonjwa hauna tiba, mateso hayavumiliki, uhai unategemea vifaa vya matibabu, na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe. Kinachonikwaza mimi ni cha kabla ya hapo. Mwaka 2006 Piergiorgio Welby, aliyekuwa akipumua kwa mashine kwa sababu ya ugonjwa wa misuli, aliomba izimwe. Daktari akamtia usingizi, akaizima. Kanisa kule Roma likamnyima ibada ya mazishi. Sasa kuzima mashine nako ni kuua?

Katekista wa Barani
Welby alikuwa amepigania hadharani kifo cha kusaidiwa, ndiyo maana akanyimwa. (Ningeulizwa mimi, ningemzika.) Ila usichanganye. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kutumia tiba zisizo za kawaida, na dawa ya maumivu yaruhusiwa hata kama itapunguza siku zake, mradi nia iwe kutuliza. Papa Yohane Paulo II mwaka 1995, katika waraka wake Evangelium Vitae, alirudia hayo hayo, na papo hapo akaita eutanasia, yaani kumuua mgonjwa ili kumaliza mateso yake, uvunjaji mkubwa wa sheria ya Mungu. Kuacha kushindana na kifo ni jambo moja, kumdunga mtu ili afe ni jingine. Someni 2 Samweli 1: Mwamaleki alikuja kujisifu kwa Daudi kwamba amemmaliza Sauli kwa ombi la Sauli mwenyewe. Alipewa asante?

Mwanglikana wa Ngala
Katekista, Samweli umemsoma kwa haraka. Daudi alikasirikia mkono uliomgusa mfalme, mpakwa mafuta wa Bwana, hakuulizwa habari za kansa. Wakristo hatuna kauli moja hapa. Maaskofu wetu wa dunia nzima walipokutana katika mkutano wao wa Lambeth mwaka 1998 walikataa eutanasia, sawa, lakini mwaka 2014 Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alisema anaunga mkono kusaidiwa kufa, na mwaka huo huo George Carey, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akatangaza amebadili msimamo. Hao nao hawajui Biblia?

Kwa sheria ya Kenya hili bado ni ndoto, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Kilicholegea ni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua.

Jirani wa Langoni, Lamu
Mniwie radhi, mimi Muislamu, nimepita tu. Huko Ulaya bili haimkoseshi mgonjwa usingizi. Sisi mtu akiugua Lamu, kwanza ni boti, halafu ni gari hadi Mombasa, halafu mchango kwenye WhatsApp. Mpeni huyo ruhusa ya kufa muone ni nani atakayechagua, yeye au deni.

Nesi mstaafu
Huyo wa Lamu kasema. Mimi nimeuguza majumbani miaka mingi. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo pembeni, la sivyo tumbo linafunga na mgonjwa anateseka upya. Nilimkuta bibi mmoja analia hadi anauma kanga. Chupa ilikuwepo! Mkwe alikuwa ameificha nyuma ya gunia la mkaa, kisa jirani kamwambia hiyo ni "dawa ya kumalizia". Tukaanza kumpa kwa saa. Siku ya tatu bibi, ambaye alikuwa akiniomba nimchome afe, aliomba dafu.

Nisiwadanganye, si wote. Mwingine maumivu yalitulia na bado aliomba kufa, alisema amechoka kuoshwa na wanawe. Huyo sikuwa na jibu lake. Nilikaa naye tu.

Mleta mada
Nesi, umenigusa pabaya. Sikusema mwanzoni. Baba alikuwa na kansa ya koo. Alipoanza kuchomoa mwenyewe ule mpira wa puani wa kulishia, akatuashiria kwa mkono asirudishiwe, Mama alikubali. Akaishi siku chache, tukimlowesha midomo kwa pamba. Wiki moja baada ya mazishi, mzee mmoja wa kanisa alimwambia Mama kwamba amemuua mumewe kwa njaa. Ni mwaka wa pili huu, Mama anakwenda misa na hapokei komunyo. Hata jumuiya anakaa mlangoni.

Mwanglikana wa Ngala
Pole sana ndugu yangu.

Katekista wa Barani
Chakula cha mpira ni jambo gumu. Kanisa linasema kwa kawaida kisiondolewe, isipokuwa mwili haukipokei tena au kinamzidishia mgonjwa mateso. Baba yako alikuwa ukingoni na alisema mwenyewe. Aliyemwambia Mama maneno yale hakutumwa na mtu. Jumanne jioni nitapita hapo Muyeye, na Padre nitamwomba tuje wote. Usimwambie Mama ni kwa ajili ya hilo, mwambie tu apike chai.